Swali la Tisa

Niliishia darasa la saba, tena kwa kulirudia la sita, kwa hiyo walipokuja kunichukua niwe muulizaji wa maswali ya utafiti nilidhani wamekosea nyumba. Kazi yangu ya siku zote ni uhudumu wa afya wa kijiji, huku Murukulazo. Ninapima watoto uzito, ninawakumbusha wajawazito kliniki, na ninawafuatilia wagonjwa wa kifafa wasiache dawa. Hao wa kifafa ndio walioniingiza kwenye jambo hili. Kwetu ni wengi, na daktari aliyeongoza utafiti alitaka kupiga picha za ubongo wao, apige na za majirani zao wasio na kifafa, kisha alinganishe.

"Wewe wanakuamini," aliniambia.

"Wananiamini kwa vidonge," nikamjibu. "Kwa mashine sijui."

Akacheka, akaniandika jina. Usiku ule niliandika kwenye daftari langu kwamba nimekubali jambo nisiloliweza. Nimelisoma tena leo kabla ya kuanza kuandika haya, na bado sijui kama nilikosea.

Mafunzo yalikuwa Biharamulo, ambako mashine ilikuwa imewekwa kwenye chumba kimoja kilichopakwa rangi upya. Aliyetufundisha ni mtaalamu wa picha, binti kutoka Dar es Salaam, umri wa mwanangu wa pili. Alikuwa akiniamkia shikamoo kila asubuhi kabla hata sijashuka kwenye gari, lakini ndani ya chumba kile hata daktari alimwomba yeye ruhusa. Mashine yenyewe haikuwa kubwa kama nilivyoiogopa. Ilikuwa na magurudumu, ina kimo cha kabati la vyombo, na kichwa cha mtu kinaingia katikati ya sahani mbili nene. Haina mionzi, alitueleza. Inafanya kazi kwa sumaku, na sumaku ile haizimwi. Umeme ukikatika inavuta. Ukiifunika shuka inavuta. Sakafuni alikuwa amebandika utepe mwekundu kuizunguka, na sheria ilikuwa moja: chuma hakivuki utepe.

Siku ya pili niliuvuka na ufunguo.

Nilikuwa nimeulizwa mara mbili kama nina chuma, nikajibu hapana kwa moyo safi. Ufunguo wa nyumba ulikuwa kwenye fundo la kanga, mahali ambapo umekaa miaka yote, na mimi siuhesabu tena kama kitu nilichokibeba. Nilipoinama kunyoosha mto, pindo la kanga likanyanyuka lenyewe, likaelekea kwenye mashine kama mtoto anayemvuta mama yake nguo, ufunguo ukagonga ukingo wake, ta! Wenzangu wakacheka. Yule binti hakucheka.

"Mama, hiyo ni nguo tu," akasema. "Sasa fikiria kipande kama hicho kiko ndani ya mtu, karibu na jicho. Kikisogea kidogo tu, jicho limekwenda. Kikiwa ndani zaidi, ni damu kwenye ubongo."

Nilirudi kukaa, na mafunzo yaliyofuata siku ile niliyasikia kwa mbali. Jambo lililonisumbua halikuwa kosa langu peke yake. Kuna mtu nilikuwa namjua, na kipande kama hicho alikuwa nacho.

Ni jirani yangu, mwanamume aliyefiwa na mke, ana binti mmoja wa miaka kama kumi na moja. Binti ana kifafa tangu akiwa na miaka minne, kifafa kibaya, cha kuanguka mara tatu kwa siku, dawa zinagusa kidogo na kuacha. Mama wa binti alifariki tukiwa naye mimi na dada zake. Alipokuwa amelala kitandani wiki za mwisho aliniambia jambo la mumewe: kovu lile juu ya jicho la kulia, ambalo mumewe huwaambia watu ni pembe ya ng'ombe, si pembe. Ni kipande cha bomu. Aliingia nacho kutoka ng'ambo ya mto akiwa kijana, akakaa kwenye kambi ya wakimbizi ya Lukole, na kambi zilipofungwa yeye alikuwa ameshaoa na ameshapanda kahawa, akabaki. Kikishikwa kwa kidole kinasikika chini ya ngozi, kama punje ya mchele. "Nakuambia ili siku akiumwa kichwa ujue," mke wake alisema, na mimi nikaapa kutosema.

Nilitimiza. Miaka saba sijasema.

Fomu ya maswali ya usalama ilikuwa na maswali ishirini. Una betri ya moyo? Umewahi kufanyiwa upasuaji wa kichwa? Una ujauzito? La tisa lilisema: Umewahi kujeruhiwa kwa risasi, bomu au kipande cha chuma? Nilizunguka nayo nyumba kwa nyumba, Murukulazo hadi Kibimba, nikiuliza uani kama tunavyoulizana mambo yote, jirani akiwa ameketi pale anamenya mihogo, mtoto wa mwingine akisikiliza mlangoni. La tisa likajibiwa hapana kila nyumba. Hapana moja iliyonyooka kutoka juu ya orodha hadi chini.

Nilipomsomea kwa simu, daktari alifurahi. "Watu wazima wa afya," akasema.

Sipendi kumlaumu. Kwake yeye lile ni swali la hospitali. Kwetu Ngara ni swali lingine kabisa, hata asiyesoma analijua: nani kwenye milima hii alipigwa bomu? Anayejibu ndiyo amejibu kwamba yeye ni wa wapi, alivuka lini, na kama karatasi zake ziko sawa. Siwalaumu na waliojibu hapana. Wa kulaumiwa ni mimi niliyelijua hilo na bado nikaendelea kuuliza uani, nikitia alama, kwa sababu nilidhani aliyeandika fomu ana akili kuliko mimi.

Yule jirani alijibu hapana akiangalia jembe lake. Fomu ilikuwa inamhusu na yeye, kwa sababu mtoto anayepigwa picha huingia na mzazi wa kumshika mikono, na anayeshika mikono husimama pale pale kwenye sumaku. Binti yake hakubali mtu mwingine. Akizinduka kutoka kwenye kuanguka asipouona uso wa baba, anapiga kelele mpaka pumzi inakatika.

Nilikaa siku tatu na fomu zile chini ya godoro. Siku ya nne nilimpigia daktari.

"Daktari, hapana za swali la tisa si za kweli."

"Zote?"

"Sijui ngapi. Ila si za kweli."

"Kuna mtu unamjua?"

"Nikikwambia ninamjua utaniuliza ni nani, na mimi sitakwambia. Kwa hiyo tuseme tu swali limekaa vibaya."

Nikajua nimeshapoteza kazi. Kisha akauliza lingekaaje vizuri. Nilikuwa sijajiandaa kuulizwa hivyo na mtu wa elimu yake, nikamwambia cha kwanza kilichonijia: sisi kwenye kikundi chetu cha kina mama, kuchagua mwenyekiti, hatunyooshi mkono, maana ukinyoosha unajenga uadui na jirani. Kila mmoja anapewa punje ya mahindi na punje ya harage, anaingia chumbani peke yake, anatumbukiza moja kikapuni. Anayetaka huyu aendelee, mahindi. Asiyetaka, harage. Basi tuwasomee maswali yote ya chuma kwa pamoja, risasi, bomu, sindano iliyovunjikia mwilini, cheche za chuma machoni kwa mafundi wa kuchomelea. Yakiwa yote si kweli kwako, weka mahindi. Likiwa kweli hata moja, weka harage, wala usiseme ni lipi. Mwenye harage haingii kwenye mashine ila anapata vipimo vingine vyote na dawa zote sawa na wenzake.

"Na nani ataangalia kikapu?"

"Mmoja tu."

"Nani?"

"Mnayemwamini," nikasema, na nikaona aibu, maana ilisikika kama najipigia kampeni.

Akasema hawezi kubadili utaratibu kwa simu. Ilibidi iandikwe, ipelekwe kwenye kamati ya maadili, ijibiwe. Tulingoja karibu mwezi. Katika mwezi ule nilijiambia mara nyingi kwamba nimewachelewesha watu wa maana kwa ajili ya mchezo wa maharage. Ilipojibiwa, kamati ilikuwa imekubali, ikaongeza jambo moja ambalo mimi sikuliwaza: majibu ya kikapu yasiandikwe jina, yaandikwe namba.

Tuliwakusanya watu Ngara mjini kwa mazoezi, kwenye ukumbi. Yule binti wa mashine alikuwa ametengeneza mashine ya uongo kwa tangi la maji lililokatwa, ili watu wazoee kulala ndani bila kujitikisa. Nililala mimi wa kwanza. Ndani kulikuwa na harufu ya plastiki mpya, na nikasikia mtu wa Kibimba akisema nje, "Wakifunga na misumari tumkimbilie padri." Nikacheka, na binti akaniambia nimetikisika, nianze upya.

Kisha ikaja kazi ya kuvua vyuma. Kulikuwa na bibi mmoja wa familia ya wafanyabiashara wa mjini, wale ambao mababu zao walipanda kutoka pwani. Mjukuu wake ana kifafa na yeye ndiye wa kumsindikiza. Ushungi wake ulitolewa pini sita, tukadhani zimekwisha, zikaja mbili nyingine.

"Na bangili, bibi," binti akamwambia.

"Hii haijatoka tangu siku nimeolewa."

"Basi utabaki nje na ndoa yako."

"Mume mwenyewe alibaki nje zamani," bibi akasema, akaomba sabuni. Bangili ikatoka.

Jirani yake kwenye benchi, mama mmoja mkulima wa parokiani kwetu, alikuwa amekunja ngumi juu ya medali yake. "Kwa hiyo Bikira Maria haruhusiwi?"

"Anaruhusiwa, mama. Medali ndiyo inabaki."

"Hapo sawa. Maana yeye hana chuma."

Baada ya chai nikakaa kwenye chumba kidogo cha nyuma na kikapu chenye kifuniko. Walikuwa wanaingia mmoja mmoja, nawasomea, nageuka ukutani, wanatumbukiza, wanatoka. Nafungua, naandika namba, natoa punje. Kikapu cha watu wanne wa kwanza kilinipa mahindi. Wa tano akanipa harage. Nililitazama lile harage jekundu muda mrefu kuliko ilivyopaswa. Baadaye yakaja mengine. Sitasema mangapi, sina ruhusa, lakini yalitosha kunionyesha kwamba kama tungefuata fomu ya kwanza, kuna watu tungewalaza chini ya sumaku tukiwa tunatabasamu. Na kwa haki niseme pia: labda wapo waliotia harage kwa woga tu wa tangi. Sikuwa na njia ya kuwajua, na tuliwapoteza.

Jirani yangu aliingia wa mwisho wa zamu ya asubuhi. Nilisoma polepole. Niligeuka ukutani. Alipotoka nikafungua kikapu, nikakuta mahindi.

Nilifunga, nikafungua tena, kama mpumbavu.

Nilimkuta nje, nyuma ya ukumbi, anamnawisha binti yake uso. Alinisikia akanyoosha mgongo.

"Shemeji, umenifuata."

"Umeweka mahindi."

"Ulisema hatujibu kwa mdomo. Sasa mbona unaniuliza kwa mdomo?"

Alikuwa na haki. Nilikuwa navunja utaratibu nilioutunga mwenyewe, kabla hata ya chakula cha mchana. Nikamwomba amtume binti kwenye benchi. Alipokwenda nikamwambia, "Marehemu aliniambia."

Alikung'uta maji mikononi. "Marehemu alikuwa na mdomo."

"Alikuwa na hofu."

"Na wewe umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu. Lakini sikiliza nikuambie na lile litakalokuudhi. Siku ya Biharamulo ukifika kwenye utepe mwekundu ukitaka kuvuka, nitamwambia yule binti wa mashine, mbele yako, ukisikia. Sitakuzunguka."

"Basi mtoto wangu haingii. Twende nyumbani."

"Hiyo ni haki yako. Karatasi uliyoweka dole gumba inasema unaweza kutoka muda wowote, na dawa zake zitaendelea."

Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo, lakini moyoni nilikuwa namsihi asiondoke. Daktari alikuwa ameshaniambia kwamba watoto wanaoanguka vile, pengine kuna kitu kichwani kinachoonekana kwenye picha, na kikionekana kina dawa yake. Kwa yule mtoto hii haikuwa picha ya utafiti peke yake. Baba yake alilijua hilo. Ndiyo maana aliweka mahindi.

"Unadhani siogopi jicho?" akaniuliza. "Ninaogopa. Lakini unamjua huyu. Akiamka mle asinione, atapasuka."

"Namjua. Nipe wiki hizi mbili. Nimfundishe kunizoea mimi."

"Asipokuzoea?"

"Tutarudi naye, na sitakuambia neno."

Aliangalia kule kwenye benchi. "Wewe na maneno," akasema. Lakini jioni ile alinitumia ujumbe wa simu: njoo kesho.

Nilikwenda kila siku baada ya shamba. Tuliweka viti viwili, ubao juu yake, binti akalala kichwa kikiwa chini ya ubao, mimi nimemshika mikono. Siku ya kwanza alihesabu hadi saba akaniuma kidole. Siku ya tatu hadi ishirini. Siku ya tano alianguka tukiwa kwenye mazoezi, nikafanya kama tulivyofundishwa: nikamtoa taratibu kwa mabega, nikamlaza ubavu, nikaangalia saa. Alipozinduka akaniona mimi, akavuta pumzi ya kupiga kelele. Baba yake alikuwa nyuma ya nyumba anachanja kuni. Akamwita tu, bila kuja: "Nipo." Mtoto akaitoa ile pumzi bila kelele.

Nilibaki nimepiga magoti pale. Kumbe haukuwa uso. Ilikuwa sauti.

Nilimpigia yule binti wa mashine, nikamuuliza kama mpira wa maji una chuma.

"Mpira wa kumwagilia? Hauna. Kwa nini, mama?"

"Ukipita chini ya mlango, na upande mmoja una faneli ya plastiki, mtu akiongea huku si anasikika kule?"

Alicheka kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Akasema mashine ile haina kelele nyingi, itasikika. Alimwomba daktari, wakaujaribu, wakaupitishia sumaku ndogo ya mkononi kote, wakauandika kwenye utaratibu. Na daktari akasema jambo ambalo nilimshukuru: kuanzia sasa hakuna msindikizaji yeyote kuvuka utepe, ni mimi tu niliyekaguliwa. Kwa hiyo jirani yangu hakuwa amekataliwa. Wote walibaki nje.

Siku ya Biharamulo tuliondoka alfajiri. Dereva wetu ni mtu wa utani, na njia nzima alikuwa anawatania abiria makabila yao, Wasubi hivi, Wahaya vile. Akafika kwa watu wa ng'ambo. "Hao ukiwapa kiti leo, kesho wanakuuliza wewe umetoka wapi." Watu wakacheka. Jirani yangu naye akacheka, na nilipomsikia nikatamani gari lisimame. Kwenye kiti cha mbele alikuwa mwenyekiti wa kitongoji chetu, ambaye alikubali kuwa mmoja wa majirani wasio na kifafa. Yeye hakucheka, lakini pia hakusema kitu. Wala mimi sikusema.

Kabla ya mtu wa kwanza tulifanya zoezi la dharura mara mbili. Mtungi wa oksijeni uko nje ya utepe na unabaki huko. Mtu ndiye anayeletwa kwenye mtungi, si mtungi kwa mtu. Dawa ya kuzuia kifafa iko kwenye trei ya plastiki. Mimi natoa kichwa, daktari anapokea mabega, binti wa mashine anaisogeza mashine. Tulijaribu hadi ikawa tunamtoa mtu kabla sijahesabu kumi na tano. Binti akanikagua mwenyewe, fundo la kanga kwanza.

Zamu ya mtoto ilipofika tukaingia wawili. Alilala. Nikamshika mikono. Mdomo wa mpira ulikuwa karibu na sikio lake, umefungwa kwa kitambaa. Baba alikuwa upande wa pili wa mlango, kwenye benchi, pamoja na wengine waliosubiri.

"Nipo," ukasema mpira.

Mtoto akatabasamu. Tukaanza.

Picha ile inachukua zaidi ya nusu saa, na kila kipande ukitikisika kinarudiwa. Nusu ya kwanza baba aliongea. Alimsimulia mbuzi, alimsimulia jirani aliyemwagikiwa na togwa. Aliongea lugha yetu ya hapa, Kihangaza, kwa ule uangalifu wake ambao nimeuzoea. Halafu maneno yakamwishia. Vidole vya mtoto vikaanza kukaza mikononi mwangu, goti likapanda.

"Amesogea," binti akasema kutoka kwenye kiti chake. "Narudia kipande. Mama, akisogea tena itabidi tuache. Hatuwezi kumlazimisha."

"Ongea, shemeji," nikasema kwenye mpira.

"Sina tena cha kusema."

"Chochote."

Mtoto akavuta pumzi, ile ninayoijua. Na hapo mpira ukaanza kuimba.

Ulikuwa wimbo wa kubembeleza. Kihangaza na lugha ya ng'ambo ni ndugu, tunaelewana bila mkalimani, lakini ndugu hawana pua moja. Mtu anaweza kuongea miaka ishirini akiangalia kila neno linapokanyaga. Wimbo alioimbiwa na mama yake hawezi kuuchunga hivyo. Uliingia mle chumbani ukiwa kama ulivyotoka huko, neno kwa neno, na mimi nikajua kwamba kila mtu kwenye benchi lile anausikia. Nilitaka kumwambia ashushe sauti. Lakini mikono ya mtoto ilikuwa imelegea, na goti limeshuka. Sikumwambia. Kama nilifanya haki sijui. Aliimba hadi mwisho, akarudia, akarudia tena, mpaka binti akanyoosha kidole gumba.

Yaliyotokea benchini sikuyaona, nimeambiwa na dereva, na dereva huongeza chumvi, kwa hiyo nayapunguza. Bibi wa mjini aliendelea kubandika pini zake. Hakuna aliyehama mahali alipokuwa amekaa.

Mwenyekiti alinisubiri kwenye ngazi.

"Yule bwana ni wa wapi hasa?"

"Wa Murukulazo. Barua yake ya utambulisho uliandika wewe, mwenyekiti."

"Najua niliandika."

"Basi."

Alitazama gari. "Mhuri wangu ule haufutiki na maji," akasema, akaenda kumtafuta dereva, na nilimsikia akimwambia kwamba kurudi anataka utulivu, kichwa kinamuuma. Dereva hakutania tena siku ile. Mwenyekiti si mtu wa maneno mengi, lakini siwezi kuapa kwa ajili yake. Hadi leo ninapoandika hakuna aliyekuja kuuliza.

Majibu yalipotoka daktari alikuja mwenyewe hadi nyumbani kwao. Kwenye ubongo wa mtoto kuna vifuko viwili vya minyoo ya nguruwe, kimoja kimekufa na kuwa kigumu, kimoja bado. Hicho kina dawa. Mtoto alilazwa siku chache aanzishiwe dawa akiangaliwa, na sasa huanguka mara moja kwa wiki, wiki nyingine hata hiyo hakuna. Daktari anasema tusishangilie mapema. Sishangilii. Nahesabu tu.

Ilibaki fomu ya baba. Yule binti wa mashine alikuwa anafunga mafaili, akaniambia la tisa kwenye fomu yake ya zamani nililipiga alama ya hapana, na kwa kuwa nimesema hapana zile si za kweli, lazima nirudi kwa kila mmoja nisahihishe au nithibitishe. Hilo ndilo nililojitakia. Nilimkuta jirani yangu anapalilia kahawa. Nikamwonyesha.

"Nani atasoma?" akauliza.

"Wanne ninaowajua. Na wengine nisiowajua."

"Hao nisiowajua na mimi ndio wananisumbua."

"Ni kweli."

"Basi acha."

Nikaandika: Hakujibu. Nikamsomea, akakubali.

"Ila siku ukipelekwa hospitali hujitambui," nikamwambia, "wakakuweka kwenye sumaku kama ile, nani atawaambia?"

"Si wewe."

"Mimi nimekuzidi umri."

Aliegemea jembe. Binti yake alikuwa kule chini kwenye migomba, anaokota majani makavu, anaimba ovyo. Alimwita. Mtoto akapanda kilima akipumua kwa nguvu, akasimama mbele yetu, akanisalimia. Baba yake akamshika kidole cha shahada, akakipeleka polepole juu ya jicho lake la kulia, chini ya nyusi, akakibonyeza hapo.

"Unasikia kitu?" akamuuliza.